Presha ya Nairobi, Presha ya Mombasa

Kwetu nyumbani neno presha lina wenyewe wawili. Wa kwanza ni Mathe, ambaye tangu mwaka 2019 anatembea na kitabu kidogo cha kliniki chenye namba zilizoandikwa mbili mbili na mstari katikati. Wa pili ni gari langu, Toyota Starlet Glanza V, lenye geji ya duara iliyobandikwa kando ya usukani. Sindano ya hiyo geji ikipanda, mdogo wangu hushangilia kama mtu aliyeona bao. Mtu akiuliza sebuleni, "Presha iko ngapi leo?" lazima kwanza aulizwe: ya nani?

Nianze na ya gari, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuielewa ya Mathe.

Kama hujawahi kuiona Glanza V, hujakosa kitu kwa macho. Ni Starlet ya milango mitatu yenye tundu la hewa kwenye boneti. Ukiikuta imeegeshwa pale Ngara utadhani ni ya mwalimu mstaafu. Toyota walizitengeneza kati ya 1996 na 1999, wakazitia injini inayoitwa 4E-FTE, sisi 1331 tu, lakini yenye tabo. Farasi 135 ndani ya gari lisilofika tani moja. Si mchezo. Wasee wa Subaru wanacheka wakiiona kwenye taa, halafu taa inakuwa kijani na kicheko kinaisha.

Hii yangu ilikuwa ya mjomba, kaka yake Mathe, anayeishi Changamwe, Mombasa. Aliiagiza kutoka Japani mwaka 2005, wakati bado ilikuwa ndani ya ile sheria ya magari yasiyozidi miaka minane. Akaitunza kama mtoto. Mwaka 2021 macho yakaanza kumsumbua usiku, akaamua kuiuza, na akaniambia afadhali iende kwa mtu wa nyumbani kuliko kwa broka. Nikalipa kwa awamu, kila mwisho wa mwezi, M-Pesa. Siku ya kunikabidhi funguo alinipa wosia mmoja: "Mwanangu, hii gari usiikaze bure. Iwache ilivyo."

Kukaza alikokusudia ni kuongeza busti, ile presha ambayo tabo inaisukuma ndani ya injini. Ilipotoka kiwandani, Glanza kwenye busti ya juu husukuma kama 0.65. Kipimo chenyewe kinaitwa baa. Si baa ya kunywea, ingawa ukikosea hesabu itakuwa baa kwelikweli.

Tabo ni feni mbili kwenye fito moja. Moshi wa eksozi unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo inaongezwa, na mlipuko unakuwa mkubwa. Shida ni kwamba huu mduara unajilisha wenyewe. Mlipuko mkubwa unatoa moshi mwingi, moshi mwingi unazidi kuizungusha tabo, na ukiuacha uendelee utafungua injini siku moja ukute pistoni zimetoboka. Ndiyo maana kuna mlango mdogo wa pembeni, mafundi wanauita westigeti. Ukifunguka, moshi unapita kando bila kuigusa feni.

Anayeufungua huo mlango ni kikopo cha chuma chenye ngozi ya mpira na springi ndani. Kijipaipu kinakiletea habari kutoka kwenye tabo. Presha ikiishinda nguvu ya springi, kikopo kinasukuma fito, mlango unafunguka, presha inatulia. Kazi nzima haina umeme wala kompyuta. Ni springi na hewa zinasukumana.

Kuongeza busti, basi, si kuipa tabo nguvu mpya. Ni kukichelewesha kile kikopo kupata habari. Unakata kijipaipu katikati na kuchomeka vali ndogo yenye gololi na springi yake. Sasa presha haifiki kwenye kikopo mpaka kwanza iisukume ile gololi. Vali ina skrubu kwa juu. Ukizungusha kuelekea kulia, springi inabanwa, gololi inakuwa nzito, habari inachelewa zaidi, busti inapanda. Ukirudisha kushoto inashuka, lakini haiwezi kushuka chini ya kile springi ya kikopo yenyewe ilichopangiwa. Ni kitu cha bei ndogo, kinaingia kiganjani, na kinaweza kuua injini kwa mzunguko mmoja wa mkono.

Nilipoileta gari Nairobi nilidhani mjomba ameniuzia mgonjwa. Kule Changamwe nilikuwa nimeiendesha ikaniswaga mgongo kwenye kiti. Huku, kupanda kutoka Museum Hill kuelekea Westlands, ilikuwa inafikiria kwanza. Geji ilionyesha 0.65 ileile. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 22 na YouTube nyingi kichwani, akatoa hukumu siku ya kwanza: "Sis, hii kitu imekufa. Ongeza busti."

Nilikuwa nishapata fundi wa maana Kariobangi Light Industries, mzee mmoja mpole ambaye karakana yake ni mabati matatu na tanuri la kuchomelea. Nilimweleza dalili. Hakufungua hata boneti. Aliniuliza, "Madam, gari ilikuwa inakaa wapi?" Nikamwambia Mombasa. Akacheka. "Basi haijaumwa. Imepanda mlima."

Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa karakana. Mombasa, hewa inayotuzunguka inakandamiza kwa kama baa 1.01. Nairobi tuko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa inayobaki juu yetu ni kidogo, kama 0.83. Geji ya kawaida haioni tofauti hiyo. Yenyewe inaanza kuhesabu kutoka hewa ya nje, iwe nzito au nyepesi, na kuiita sifuri. Kile kikopo nacho vilevile, maana upande wa nyuma wa ngozi yake kuna hewa ya kawaida. Kwa hiyo sindano itasoma 0.65 Changamwe na itasoma 0.65 Kariobangi. Lakini injini haijali sindano. Injini inakula presha kamili, ile ya geji ukijumlisha na ya hewa. Mombasa ilikuwa inakula 1.66. Nairobi inakula 1.48.

"Gari ya mtu mwingine isiyo na tabo inaumia hivyo hivyo," akasema, "ila haina geji ya kulalamikia."

Hiyo ndiyo habari ya nchi hii na gari zenye pumzi ya kusukumwa. Wazee wanaokumbuka Safari Rally watakwambia Toyota Celica yenye tabo ilishinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mimi yangu ninayoipenda ni ya 1993. Mwaka huo Subaru walileta Vivio, kagari ka injini isiyofika sisi 660, kenye kisukuma hewa kinachozungushwa na mkanda badala ya moshi. Colin McRae alipewa moja, haikufika mwisho. Patrick Njiru alipewa nyingine, akaifikisha, akamaliza wa 12 katika mashindano yote na wa kwanza katika daraja lake. Kila ninapobanwa na Prado kwenye foleni ya Waiyaki Way mimi humkumbuka Njiru.

Fundi alinifungia ile vali akaniambia nisikae nayo mbali, nione kazi inavyofanyika. Alianza na skrubu ikiwa imelegezwa kabisa. Tukatoka hadi kwenye kipande cha barabara kilicho wazi, gia ya tatu, mafuta mpaka chini, mimi nikisoma geji naye akisikiliza injini. Nusu mzunguko, tena barabarani. Robo mzunguko, tena barabarani. Kila mara alikuwa anatega sikio kutafuta noki, kale kamlio ka kokoto ndani ya kopo, kanakomaanisha petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Glanza ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, na huko kiwango chao kwa petroli hiyo hakishuki chini ya 96. Kwa hiyo huku hatubahatishi. Tuliporudi alitoa plagi akaziangalia rangi. Kahawia, sawa. Zingekuwa nyeupe, alisema, tungerudi nyuma bila mjadala.

Tukaishia 0.85. Akakaza nati ya kufungia kwa spana namba 10, akachora alama nyeupe kwenye skrubu ili nijue ikisogea. Piga hesabu: 0.83 na 0.85 ni 1.68. Karibu sawasawa na ile 1.66 ambayo mjomba alikuwa anaiendesha Changamwe miaka yote. Hatukuwa tumeongeza kitu. Tulikuwa tumerudisha kile ambacho mlima ulichukua. Tulichoongeza ni kazi ya tabo, kwa sababu huku inaanza na hewa nyepesi na lazima izunguke kwa kasi zaidi kufika palepale, na hewa inayosukumwa hivyo inatoka na joto. Ndiyo kazi ya lile tundu la boneti: chini yake kuna intakula, kipoza hewa. Mathe alipolisikia hilo jina mara ya kwanza alishtuka. "Itakula nini tena? Si juzi tu umeinunulia matairi?"

Mdogo wangu alifurahi kwa wiki mbili. Kisha akaanza kutaka 1.0.

Kwenye hili gari kuna kizuizi. Kompyuta yake ina sensa inayopima presha kamili, si ya geji, na presha ikivuka kiwango fulani inakata mafuta papo hapo ili kuiokoa injini. Fundi alikadiria kwamba kwa gari langu kiwango hicho kiko karibu 1.85. Ukikigusa, ni kama umegonga ukuta wa godoro: kichwa kinakwenda mbele, injini inazima sekunde, inawaka, inazima. Watu hawapendi. Kwa hiyo sokoni kuna kidude kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa ile sensa. Kazi yake ni kudanganya. Presha ikipita pale pa hatari, chenyewe kinaiambia kompyuta kwamba mambo ni sawa, iko palepale, endelea.

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kujichangia cha kwake. Nikamkumbusha jamaa mmoja wa mbogi yao, mwenye gari kama langu, aliyekuwa amefunga kidude hicho na kukaza hadi 1.0 hapa Nairobi. Ilikwenda poa miezi mingi. Desemba akashuka nayo Mombasa na marafiki watatu. Walipopita Voi walianza kusikia kokoto, wakaongeza muziki. Gari ilirudi Nairobi juu ya lori, pistoni mbili zimevunjika kingo. "Huyo alikuwa na bahati mbaya," akasema mdogo wangu. Sikubishana. Nilimwambia tu kwamba gari ina jina langu kwenye logbook.

Simu ilikuja Alhamisi moja ya mwezi wa nane, saa tatu usiku. Mjomba alikuwa ameanguka bafuni. Kiharusi. Yuko hospitali, upande wa kulia hausogei, maneno hayatoki. Aliyepiga ni mke wake, na Mathe alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini polepole kama mtu anayeweka mzigo, akasema, "Nipelekeni kwa kaka yangu."

Treni ya usiku tusingeiwahi. Ndege hatukuwa na hela yake. Basi Mathe hakulitaka, alitaka kuondoka na watu wake. Tukakubaliana tutoke saa kumi alfajiri na Glanza, mimi na mdogo wangu tukipokezana usukani.

Saa tano usiku nilishuka parking na tochi ya simu na spana namba 10. Mdogo wangu akanifuata na ndala. Alipoona nimefungua boneti alielewa, na akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Sis, tunakimbia hospitali na wewe unashusha busti? Leo? Siku zote hizo ni ya kuchezea Thika Road, leo ndiyo tunaihitaji, na leo ndiyo unaikata mguu?"

Alikuwa na uchungu, si ubishi. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye kiwanja cha vumbi huko Changamwe, na gari hilihili. Kwa hiyo sikumjibu kwa ukali. Nilichukua risiti ya supermaket nikaandika nyuma yake, juu ya ukuta wa parking, mistari mitatu.

Nairobi, geji 0.85: kamili 1.68.
Mombasa, geji 0.85: kamili 1.86.
Mombasa, geji 0.65: kamili 1.66.

"Tukiiacha hivi," nikamwambia, "itakuwa inazidi kukaza yenyewe kila tunapoteremka, na sindano haitakuonyesha. Itasoma 0.85 hapa na itasoma 0.85 Mariakani. Ile siku ya kukata mafuta itakuwa wapi? Si hapa. Itakuwa huko chini, kwenye joto, na utakuwa unafanya nini?"

Akanyamaza. Kila mtu aliyewahi kushuka Mombasa anajua utakuwa unafanya nini. Utakuwa upande wa kulia wa barabara, unapita lori la makontena, na kuna taa zinakuja.

"Na tukishusha," nikaendelea, "tutakuwa wazito mpaka Emali. Baada ya hapo barabara yenyewe inaturudishia. Tukifika tutakuwa na nguvu ileile tuliyo nayo leo."

Aliiangalia ile risiti muda mrefu. Kisha akasema, "Si basi tushushie Mtito Andei, tusipoteze hapa juu?" Nikamwambia ajaribu kuweka mkono karibu na tabo iliyotoka kukimbia saa tatu, aone. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza usiku huo. Akaniondolea simu mkononi akanimulikia. Nikalegeza nati, nikarudisha skrubu kushoto hadi alama ya kwanza ya fundi, nikakaza nati. Nikavuta kijipaipu kuhakikisha kimeshika, maana kikichomoka kikopo hakipati habari yoyote na busti haina mwisho. Dakika kumi.

Tulitoka gizani. Hadi Sultan Hamud gari lilikuwa zito kweli, mdogo wangu anabadilisha gia huku anapumua kwa nguvu kama ndiye anayelisukuma. Mathe nyuma alikuwa kimya, leso mkononi. Mtito Andei, chini ya mita 800, tukanywa chai ya kusimama. Alipokanyaga mafuta kutoka pale alinitupia jicho. Hakusema kitu. Baada ya Voi joto likaingia kwa madirisha, tukazima redio ili tusikie injini.

Karibu na Mackinnon Road tulikuwa nyuma ya malori mawili yaliyoshikana. Mdogo wangu alisubiri, akasubiri, barabara ikafunguka, akarudi gia ya tatu na kutoka. Sindano ikasimama 0.65 na kukaa hapo. Gari lilivuta moja kwa moja bila kikohozi, likapita lori la kwanza, la pili, tukarudi upande wetu na nafasi ya kutosha ikibaki mbele. Nikasikia Mathe akishusha pumzi. Mdogo wangu akaigusa geji kwa kidole. "Inasema 0.65," akasema taratibu. "Lakini inavuta kama ya nyumbani."

Hospitalini tulimkuta mjomba amelala, mdomo umependa upande. Mathe aliushika ule mkono usiosogea na kuanza kumpa habari za watu wa kijijini, mmoja mmoja, kana kwamba ni ziara ya kawaida. Muuguzi mmoja alikuwa anamwangalia Mathe zaidi ya mgonjwa. Akamuuliza, "Mama, wewe ni ndugu yake wa damu? Una presha?" Akamkalisha pembeni akamfunga ule mkanda mkononi.

178 kwa 104.

Kwa wasiojua, wahudumu wengi huanza kuhesabu ni presha ya juu kuanzia 140 kwa 90. Muuguzi akauliza dawa anazotumia. Mathe akazitaja. Anazinywa kila siku? Mathe akaangalia sakafu. Akasema anakunywa leo, kesho anaruka, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Na zile siku akijisikia vizuri haoni haja. Na tulipokuwa tunamuuliza nyumbani? Alikuwa anatuambia iko sawa, kwa sababu tuna mambo yetu mengi ya kulipia na hakutaka kutuongezea.

Mdogo wangu alitoka nje akasimama kwenye korido. Nikamfuata. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sis," akasema, "Mum alikuwa ametufungia kile kidude."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, maana ilikuwa kweli kabisa. Miaka yote hiyo sisi ndio tulikuwa kompyuta, tunasoma namba tuliyopewa, tunasema sawa, endelea. Na mwili hauna kile kizuizi cha gari. Presha ikipita kiwango hakuna kinachokata mafuta na kukurusha kichwa mbele ili ujue. Mtu anaweza kuwa na 178 na akapika, akaimba kanisani, akapanda ngazi na ndoo. Muuguzi alituambia wengi hawasikii chochote. Mjomba pia hakuwa anasikia chochote.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mkanda wa mkononi unapima kwa mtindo wa geji yangu: unaanza sifuri kwenye hewa ya nje na kuhesabu kilichozidi. Tofauti ni kwamba ile ya Mathe haina ya Nairobi na ya Mombasa. Ukishuka baharini hupewi hesabu nyingine. 178 ni 178.

Tulikaa siku tano. Mathe alirudi na pakiti ya mwezi mzima na makubaliano kwamba za mwezi unaofuata zinalipwa na sisi kabla hazijaisha, na kwamba hilo halina mjadala. Zile pesa ambazo mdogo wangu alikuwa anajichangia kwa ajili ya kidude alienda nazo mjini mwenyewe, bila kuambiwa, akarudi na mashine ya kupimia presha nyumbani. Siku hizi Mathe anakaa kwenye kiti dakika tano kabla ya kupima, miguu chini, haongei. Mdogo wangu ndiye anayesoma skrini, kwa sababu amesema hataki tena kuambiwa namba kwa mdomo. Juzi ilikuwa 136 kwa 84, akashangilia kama bao.

Busti nilirudisha 0.85 wiki iliyofuata, kwa fundi, plagi zikatolewa zikaangaliwa. Kuna watu wameniambia nikienda Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,200, niongeze tena ili kufidia. Siongezi. Huko tabo ishakuwa inahangaika na hewa iliyo nyepesi zaidi, na kuikimbiza zaidi ni kuichosha na kuipa injini hewa ya moto. Tukienda Limuru tunaenda polepole na tunanunua viazi.

Mjomba anatembea kwa fimbo sasa. Maneno yamerudi, ila yanakuja moja moja, kama watu wanaoshuka matatu. Kila Jumapili anapiga simu kwa Mathe, na kabla ya kukata lazima aniulize mimi. Mwezi uliopita aliuliza kama nimeitii kauli yake, kama nimeiwacha ilivyo. Nikamweleza yote: 0.85 huku, 0.65 huko kwake, hesabu za hewa, 1.68 na 1.66. Nilisikia anavyopumua akizipanga kichwani.

"Basi," akasema, akapumzika, "ni ile... ile."

Mdogo wangu akaniondolea simu sikioni akamwambia Desemba tunashuka, na Mathe yuko ndani, na amekunywa dawa.